Kathy Flores na Kazi ya Namba Nane

Raga ya wachezaji kumi na tano ina watu wanane wanaoingia kwenye skramu. Watatu husimama mstari wa mbele wakikabiliana na wenzao watatu wa upande wa pili. Wawili warefu, namba nne na tano, huingiza vichwa nyuma yao. Namba sita na saba hujishika ubavuni. Wa mwisho ni namba nane, peke yake mkiani. Kathy Flores alicheza hapo mkiani miaka mingi, kuanzia siku ambazo raga ya wanawake Marekani haikuwa na fedha, watazamaji wala jina, hadi siku nchi yake iliposimama bingwa wa dunia. Kisha akageuka kocha. Nikitaka kueleza alichokuwa mtu huyu, huona vyema nianze na kazi yenyewe, maana kazi ya namba nane haieleweki kwa kutazama mpira tu.

Anza na mwili. Kabla skramu haijafungwa, namba nane huinama na kupitisha kichwa kati ya nyonga za namba nne na namba tano. Mikono yake huwazunguka kwa nje, akawabana ili viuno vyao visiachane, kwa sababu viuno hivyo vikiachana nguvu yote ya nyuma humwagika pembeni. Mgongo wake hunyooka kama meza. Magoti hukunjwa yakakaa chini ya nyonga, wala hayatangulii mbele. Shingo hulegea kidogo, kidevu kikainuka, macho yakatazama nyasi. Visigino havigusi ardhi. Uzito wote umo katika sehemu ya mbele ya nyayo, pale njumu zinapochimba.

Siku hizi refa huita mara tatu. Kwa wito wa kwanza, mistari ya mbele huchuchumaa, mabega yakabaki juu ya viuno. Kwa wa pili, wachezaji wa kando wa mstari huo hushika jezi za wapinzani wao. Kwa wa tatu, pande mbili huingiana, na kishindo hicho hupita mwili hadi mwili mpaka kikamfikia namba nane, aliye mbali kabisa na mahali kilipotokea. Yeye hutakiwa kukipokea bila kuyumba. Akinyoosha magoti yote kwa pupa, amekwisha: mguu ulionyooka hauna tena cha kusukumia. Namba nane mzuri hukunjua goti kwa kipimo cha kidole, hatua fupi, hatua fupi tena, miguu yote miwili ikibaki karibu na ardhi.

Hapo mpira huingizwa na namba tisa. Namba mbili huuvuta kwa mguu kuelekea nyuma, ukapita kati ya miguu ya wenzake, ukatokea chini ya namba nane. Kuanzia hapo ufundi huwa wa wayo. Mpira wa raga una ncha mbili. Ukiugusa vibaya unaruka upande usioutaka. Namba nane huuzuia kwa upande wa ndani wa njumu, au huukanyaga kidogo kwa ncha za vidole, huku mabega yake bado yanasukuma kwa nguvu zote. Skramu ikisonga mbele, mpira hubaki nyuma, naye hulazimika kuuburuta kwa wayo mmoja huku wayo mwingine unapiga hatua. Juu, mwili unafanya kazi ya fahali. Chini, mguu unafanya kazi ya fundi saa.

Kisha huja uamuzi. Maadamu mpira umo ndani ya skramu, namba sita na saba wa upande wa pili hawaruhusiwi kujifungua, na wachezaji wao wa nyuma lazima wakae mita tano nyuma ya mguu wa mwisho. Namba nane akiendelea kuushikilia mpira, amewazuia watu wengi kwa wakati mmoja. Akiutoa mapema, wapinzani wanaachiwa huru kabla wenzake hawajajipanga. Akichelewa, skramu inazunguka au inaanguka, au refa anaona mpira umetulia na kudai utolewe. Anaweza kumwachia namba tisa. Anaweza kuuokota mwenyewe na kutoka mbio, mkono mmoja mbele. Karibu na mstari wa goli anaweza kuubakiza chini ya nyayo na kusukuma mpaka skramu nzima ivuke, kisha akauangukia na kufunga trai. Katika hali zote hizo, yeye ndiye anayesubiri, na urefu wa kusubiri kwake ndio unaopanga kila kitu kinachofuata.

Flores alizaliwa 1955. Aliukuta mchezo huu mwishoni mwa miaka ya 1970 akiwa Chuo Kikuu cha Florida State, katika kizazi cha wanawake wa Marekani waliofunguliwa milango ya michezo vyuoni na sheria ya 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Lakini raga haikuwa miongoni mwa michezo iliyopewa makocha, mabasi na mishahara. Ilikuwa ya vilabu. Wanawake walichangishana nauli, wakachora mistari ya uwanja wenyewe, wakasafiri usiku kucha ndani ya magari yao kwenda kucheza mechi ya Jumamosi, wakarudi kazini Jumatatu na michubuko magotini. Mtu aliyedumu katika hali hiyo alidumu kwa kuupenda mchezo, kwa sababu hapakuwa na jingine la kumbakiza.

Tarehe 14 Novemba 1987, mjini Victoria, Kanada, timu ya taifa ya wanawake ya Marekani ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa. Ilikuwa dhidi ya wenyeji, na Marekani ilishinda 22 kwa 3. Namba nane alikuwa Flores. Miaka minne baadaye, Aprili 1991, kikafanyika Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, kusini mwa Wales, timu kumi na mbili. Mashindano yenyewe yaliandaliwa na wanawake wanne wa klabu ya Richmond ya London, Deborah Griffin, Sue Dorrington, Alice Cooper na Mary Forsyth, huku Bodi ya Kimataifa ya Raga ikikataa wakati huo kuyatambua. Wachezaji wengi walijilipia. Timu ya Umoja wa Kisovieti ilifika bila fedha za kigeni, ikajaribu kuuza vodka iliyokuja nayo ili ipate chakula. Nayataja haya kwa sababu ndiyo mazingira ambamo ufundi niliokwisha kuueleza ulifanyika: hakukuwa na kamera kumi na mbili za kurudia picha, na wala hapakuwa na mkataba mezani.

Katika nusu fainali Marekani iliifunga New Zealand 7 kwa 0. Fainali ilichezwa Cardiff Arms Park tarehe 14 Aprili, na Marekani ikaishinda Uingereza 19 kwa 6. Trai wakati huo ilikuwa na thamani ya pointi nne. Flores alikuwa na umri wa miaka 36, umri ambao wachezaji wengi wa mbele wamekwisha kutundika njumu. Vitabu vya matokeo huandika majina ya waliofunga, na ni haki yao. Ila mtu aliyewahi kuusogelea mchezo huu hujua kwamba mpira uliofika mikononi mwa mfungaji ulikwisha kukaa mahali fulani kwanza, chini ya mguu wa mtu aliyeamua kwamba bado.

Basi akawa kocha. Kwa kocha wa raga ya wanawake Marekani, tatizo la kwanza halikuwa mbinu. Lilikuwa umri. Mtoto wa New Zealand hushika mpira wa raga kabla hajajua kuandika vizuri. Mwanamke wa Marekani, kwa sehemu kubwa ya maisha ya Flores, aliuona kwa mara ya kwanza chuoni, akiwa na miaka kumi na minane, ishirini, au zaidi. Phaidra Knight, ambaye baadaye aliingizwa katika jumba la heshima la raga ya dunia, alianza kucheza akiwa mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Watu kama hawa walitoka kwenye mpira wa kikapu, riadha, soka au kuogelea, na wote walikuwa na kasoro moja: mwili wa mtu mzima unaogopa kuanguka. Mtoto huanguka mara ishirini kwa siku na hahesabu. Mtu mzima amekwisha kujifunza kutoanguka, na kocha lazima amfundishe upya.

Mafunzo hayo hayakubuniwa na Flores. Ni urithi wa kila kocha makini, na anayesimama kando ya uwanja wa RFUEA, Barabara ya Ngong, Nairobi, au viwanja vya Kampala, ambako wasichana wengi pia huja kwenye raga wakiwa wamekua, huyaona yaleyale. Lakini yanastahili kutazamwa polepole, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa kazi yake ya kila wiki kwa miongo kadhaa.

Katika somo la kwanza mchezaji hupiga magoti akiwa amekumbatia mpira. Kidevu kinaingizwa kifuani ili kisogo kisigonge ardhi. Mikono yote miwili inabaki juu ya mpira. Anajiachia upande: paja linagusa kwanza, kisha nyonga, kisha ubavu, kisha bega. Kishawishi kikubwa ni kunyoosha mkono ili kujikinga, na mkono ulionyooshwa ndio unaovunjika au kuteguka begani. Kocha hasemi mengi. Anarudia neno moja, mpira, na mwanafunzi akiwaza mpira anasahau mkono. Akishafika chini, anageuza mwili kuwaelekea wenzake na kuulaza mpira nyuma kwa urefu wa mikono. Harakati hii ya mwisho huonekana ndogo. Mechi hupotea kwa ajili yake.

Somo la pili ni la anayeangusha. Naye hupiga magoti, mwenzake akiwa amesimama mbele yake. Macho huwekwa kiunoni kwa mbebaji. Uso unaweza kudanganya, mabega yanaweza kudanganya, miguu pia. Kiuno kinakwenda mwili unakokwenda. Kichwa hupelekwa nyuma ya mbebaji au ubavuni, shavu likabanwa kwenye kalio lake. Wanafunzi hucheka hapo, na kocha mwenye hekima huwaacha wacheke kidogo, kwani shavu hilo ndilo linalookoa shingo. Kichwa kikitangulia mbele ya mapaja, uzito wote wa mtu anayekimbia utakiangukia. Bega ndilo linalogonga. Baada ya bega, mikono inazunguka mapaja na kubana, vidole vikishika nguo. Mwisho ni kuegemea tu: mapaja yaliyobanwa pamoja hayawezi kutembea, na mtu asiyeweza kutembea ataanguka bila kusukumwa sana.

Hayo yakikubalika magotini, goti moja huinuliwa. Kisha mchezaji anachuchumaa. Kisha mwenzake anakuja kwa kutembea, kisha kwa mwendo wa jogi, na mbio kamili zinakuja baada ya siku nyingi. Kila daraja jipya huibua kosa la zamani, ndiyo maana kocha hushuka tena daraja moja bila kuonyesha kuchoka. Hapa jicho la kocha liko miguuni. Mwanafunzi anayeogopa husimamisha miguu mbali, akajirusha kwa mikono, akakosa. Anapaswa kusogea mpaka mguu wake wa upande wa bega linalogonga uwe karibu na miguu ya mbebaji, halafu ndipo ainame. Kumwambia mtu asogee karibu zaidi na kitu kinachomtisha ni jambo gumu. Hakuna njia ya mkato ila kurudia katika mwendo ambao hofu yake inauweza.

Skramu nayo hujengwa vivyo hivyo, kutoka kwa mtu mmoja. Mchezaji huwekwa kwa mikono na magoti, magoti yakainuliwa kidole kimoja juu ya nyasi, akakaa hapo mpaka mapaja yatetemeke, wakati kocha anaweka kiganja juu ya mgongo wake kuona kama umenyooka. Halafu mmoja kwa mmoja, bega kwa bega, bila kusukumana, kusikia tu uzito wa mwenzake. Halafu watatu kwa watatu. Halafu watano, namba nne na tano wakiingia. Mashine ya skramu, ile fremu ya chuma yenye mito minene mbele, huja baadaye, na namba nane huingia mwisho. Kocha aliyecheza namba nane ana faida ambayo wengine hawana: ameisikia skramu kwa mabega yake kutoka nyuma. Akiona viuno vya namba nne vimepanda, anajua kilichosababisha kiko wapi mbele, na mara nyingi kiko kwenye kisigino cha mtu asiyedhaniwa.

Flores aliifanya kazi hii kwa muda mrefu California na klabu ya Berkeley All Blues, ambayo chini yake ilitwaa ubingwa wa taifa mara nyingi kiasi kwamba klabu nyingine zilianza msimu zikijipima kwayo. Mapema miaka ya 2000 alipewa timu ya taifa, mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wake. Aliiongoza katika Kombe la Dunia la 2006 mjini Edmonton, Kanada, na la 2010 Uingereza. Mara zote mbili Marekani ilimaliza ya tano. Mwaka 2006 kwa kuishinda Scotland katika mechi ya mwisho, na 2010 kwa kuishinda Kanada kwa pointi tatu. Kuna atakayesema bingwa wa 1991 alistahili kurudi na zaidi ya nafasi ya tano. Mimi siioni hivyo. Kati ya 1991 na 2006, New Zealand na Uingereza zilikwisha kuwapa wanawake wao makocha na viwanja. Wachezaji wa Flores waliendelea kuomba ruhusa kazini. Waliokusanyika kutoka majimbo yaliyo mbali kwa maelfu ya kilomita walikuwa na siku chache za kambi, na katika siku hizo ilibidi namba nne wa pwani moja azoee kiuno cha namba tano wa pwani nyingine. Kuwaweka watu hao katika timu tano bora za dunia mara mbili mfululizo ni kazi ya fundi mwenye mbao chache.

Raga pia humfanyia kocha jambo ambalo michezo mingi haimfanyii. Mechi ikianza, sauti yake haifiki uwanjani. Kwa desturi hukaa jukwaani. Hakuna wito wa kusimamisha mchezo ili apange upya. Penalti ikitolewa, nahodha ndiye anayechagua kupiga golini, kupiga nje, au kuomba skramu. Kocha anaweza kubadilisha wachezaji, na anaweza kusema maneno machache wakati wa mapumziko. Yaliyobaki yako kwa watu aliowafundisha. Namba nane aliye na mpira chini ya nyayo hawezi kuuliza mtu kama autoe sasa. Kocha alipaswa kuwa amekwisha kumfundisha namna ya kulijibu swali hilo Jumanne, kwenye mvua, skramu ya watano ikianguka na kusimamishwa tena. Nadhani hapo ndipo uchezaji wa Flores na ukocha wake vilikutana. Aliyekwisha kuamua peke yake, ameinama, haoni mbele, alijua ni kitu gani hasa mchezaji anahitaji kuwa nacho kichwani kabla ya kuingia, na ni maneno gani ya kocha yatakayosahauliwa pale kishindo cha kwanza kitakapopita mgongoni.

Baada ya timu ya taifa alikwenda Chuo Kikuu cha Brown, jimbo la Rhode Island, wakati chuo hicho kilipoipandisha raga ya wanawake kutoka mchezo wa klabu kuwa mchezo rasmi wa chuo. Hilo ndilo alilolikosa yeye Florida: uwanja uliotengwa, kocha anayelipwa, ratiba inayotambuliwa. Mwaka 2016 aliingizwa katika jumba la heshima la raga ya Marekani. Hapo Brown kila mwanzo wa mwaka wa masomo walikuja wanafunzi wapya, na miongoni mwao walikuwamo ambao hawajawahi kuugusa mpira wenye ncha mbili. Bingwa wa dunia, kocha wa Makombe mawili ya Dunia, aliwapokea mahali pa kuanzia: magotini, kidevu kifuani, mikono yote miwili juu ya mpira. Saratani ya utumbo mpana ilimchukua Oktoba 2021, akiwa na miaka 66. Baadhi ya wanawake waliopita mikononi mwake wanafundisha sasa, na kwa mpangilio uleule, mtu mmoja kwanza, kisha wawili, kisha watatu.